Komeo la Kibanda cha Bi Kidawa

Nikisema "Zima taa!" ninyi semeni "Picha ianze!"

Zima taa! ... Mbona sauti hamna? Kwani hamjala? Zima taa!

Haya, hapo sawa. Sasa sogeeni, maana hii hadithi mwenyewe nikiisimulia nywele hunisimama.

Pale Mombo palikuwa na majirani watatu, wote wagonjwa wa picha za video, na kila mmoja na ugonjwa wake.

Siwema alipenda picha za kutisha, na hakuna mwoga kama yeye mji mzima. Jini akikaribia kutokea, hujifunika kanga usoni, akageukia ukutani, akamfinya aliye jirani: "Kashaondoka? Niambie, kashaondoka?" Ukimuuliza kwa nini anaangalia asichoweza kukitazama, atakwambia, "We hujui tu. Ile hofu ndiyo utamu wenyewe."

Mbwana, fundi baiskeli, alipenda picha za ngumi. Kwake picha isiyo na mateke ni chai isiyo na sukari. Akitoka kibandani hurusha miguu njia nzima, mbuzi wa watu wakatawanyika. "Mmeona steringi, shujaa wa picha, alivyowafanya? Kaweka mgongo ukutani, wote wako mbele yake! Akuzunguke nani sasa?" Watu walimcheka. Tangu lini mziba pancha akawa steringi?

Na Tunu. Huyo ni wa mapenzi na harusi. Alilia hadi ukosi wa gauni ukalowa, kesho yake akarudi kuilia tena picha ileile. Kisha alikuwa na tabia mbaya, Mungu amsamehe: picha akishaiona, lazima aisimulie yote kwa mpangilio, hata kwa mtu aliyeko njiani kwenda kuitazama. "Usijisumbue, bibi harusi anakufa." Walimkwepa kama mdai.

Kibanda chenyewe kilikuwa cha Bi Kidawa, mjane. Mabati pande zote, mabenchi, televisheni moja, madirisha yamezibwa kwa mablanketi meusi ili mwanga usiharibu picha. Mlango mmoja tu, nao unafungukia ndani. Picha ikikolea, Bi Kidawa hutia komeo kwa nje, ili wasiolipa wasijipenyeze. Mji mzima ulijua, na hakuna aliyeshtuka. Hata mimi nimefungiwa humo nikicheka. Na siku za picha za kutisha, mayowe yakitoka ndani, wapita njia husema, "Leo kali!" wakaenda zao.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, alasiri. Picha ya jini anayemtaka bibi harusi. Kibanda kimejaa hadi sakafuni. Bi Kidawa akatia komeo, akaenda kuswali nyumbani kwake, akamwacha ndani mjukuu wake Zena, mtoto mdogo hata shule hajaanza, kasinzia kwenye benchi karibu na mlango.

Nyuma ya kibanda, mafuta ya muuza chipsi, mwenyewe kaenda kuswali, yakashika moto. Moto ukapanda turubai, ukaingia kwenye maboksi yaliyoegemezwa kwenye mabati. Ndani hakuna aliyejua. Wote macho kwa jini.

Wote isipokuwa Siwema. Yeye, kwa woga wake, alikuwa kageukia ukuta. Akaona moshi unaingia chini ya bati, polepole, unatambaa. Akapiga kelele, "Moto! Moto wa kweli!" Watu wakaangua kicheko. "Siwema kaanza!" "Mfunikeni kanga huyo!" Hata jini alipoondoka na ngoma za harusi zikaanza kwenye picha, bado wanamcheka. Basi mwoga yule, anayetetemeka mpaka meno yanagongana, akaukamata mkono wa jirani yake akaubandika kwenye bati. Yule mtu aliruka na yowe ambalo sijalisikia kwenye picha yoyote. Hapo kila mmoja akajua.

Jamani, giza, moshi, na mlango una komeo! Wote waliukimbilia kwa pamoja. Wa nyuma wanasukuma, wa mbele wanabanwa, na chini ya miguu yao kuna mtoto anaita, "Bibi! Bibi!" Mlango unafungukia ndani, nao wameulalia kwa vifua. Hata ungefunguliwa na malaika usingesogea.

Mbwana alikuwa katikati ya msukumano huo. Alisema baadaye kwamba alijikojolea, na hakuona haya kulisema. Lakini alisikia ile sauti ndogo. Akajipenyeza, akamnyanyua Zena akamweka begani, kisha akaweka mgongo pembeni ya mlango, akawageukia wote. Akasukuma, akapiga, akapiga tena, huku analia machozi. Mzee mmoja aling'oka jino. Lakini mbele ya mlango pakapatikana nafasi, ndogo tu.

Nje je? Moshi upepo uliupeleka nyuma, mbali na njia; watu walisikia mayowe tu, wakacheka. "Leo kali!"

Tunu alikuwa kibarazani ng'ambo ya njia, anasukwa nywele, anamsimulia msusi picha hiyohiyo, maana aliiona jana. Akainua kichwa ghafla.

"Mbona umekatiza?" msusi akamuuliza.

"Sikiliza. Hizo ngoma ni za harusi."

"Ndiyo, na watu wanapiga kelele. Jini hilo."

"Wapi! Jini harudi mpaka bibi harusi aingie chumbani. Kwenye ngoma hizi watu wanacheka. Mama yangu! Wale wanalia nini?"

Akaruka na nusu ya nywele haijasukwa, akavuka njia mbio, akavuta komeo la chuma lililokuwa limeshapata moto wa mabati, ngozi ya kiganja ikabaki pale. Mlango ukasukumika, ukaingia kwenye ile nafasi ya Mbwana. Watu wakamwagika nje. Hakufa hata mmoja, na moto ukazimwa kwa mchanga na ndoo.

Bi Kidawa alikuja mbio bila viatu. Akamkumbatia Zena, akakaa chini palepale. Jioni akawaita wale watatu mbele ya watu, ufunguo wa kibanda mkononi.

"Komeo nililitia mimi. Mimi na kibanda basi. Namwachia aliyeniokolea mjukuu wangu, na picha atachagua yeye. Lakini ufunguo ni mmoja, siwezi kuukata vipande. Ni nani?"

"Ni mimi," akasema Siwema. "Bila mimi mngekufa mnacheka."

"Kelele zako ndizo zilizotaka kutuua kwa kukanyagana!" Mbwana akamjibu. "Zena alikuwa begani kwa nani?"

"Begani, nyuma ya komeo," akasema Tunu, kiganja kimefungwa kitambaa. "Mngebaki humo nyote."

"Wewe ulikuwa kwenye upepo mwanana!" wakamrukia wote wawili.

Mji ukagawanyika. Huku wanataka majini, kule wanataka ngumi, hawa wanataka harusi. Wakabishana mpaka sauti zikawakauka. Mwisho Bi Kidawa akamuuliza mtoto, "Zena mama, wewe unataka ufunguo tumpe nani?"

Zena akawatazama mmoja mmoja. Akauliza, "Mlangoni atakaa nani?"

Wote watatu wakautazama ufunguo. Watu walikuwa wameshasema picha wanazotaka. Hakuna hata mmoja wa wale watatu aliyekuwa amesema atakaa mlangoni.

Picha yangu imekatikia hapo, wenzangu. Aliyeogopa akaona, aliyebanwa akasimama, aliyesikia akakimbia: ufunguo ungekuwa mkononi mwako, ungempa yupi? Na yule mtoto ungemjibu nini?

Lakini kabla hujafungua kinywa, hebu geuka nyuma uutazame mlango wa humu tulimo. Nani kaufunga?