Nungu, Bi Mtetea na Kikapu cha Mayai

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini, wajukuu zangu? Pakawa kuku kapanda mgongo wa nungunungu! Msicheke kwanza, sijafika hapo. Na leo nikisema "Mungu yupo", nyie mnijibu "Na mimi nipo". Haya, sogeeni.

Hapo kale, kale ya kale, wanyama walipokuwa bado wanabishiana hodi asubuhi, alikuwapo Nungu. Nungu alikuwa mwoga, mwoga, mwoga. Jani likianguka, miiba yake yote inasimama: chwaaa! Basi hakuwa na rafiki. Nani atakaa karibu na mtu wa hivyo? Sungura alijaribu siku moja. Wiki nzima alikula amesimama.

Aliyemsalimu ni mmoja tu, Bi Mtetea. Huyu alikuwa kuku mwenye imani. Mmemwona kuku akinywa maji? Anachota tone moja, anainua kichwa juu, anashukuru. Tone moja, anashukuru. Bi Mtetea akianza kunywa, wenzake wanakwenda kulala, wanaamka, yeye bado anashukuru.

Lakini alikuwa na msiba. Kila akitaga, Kenge anakuja anakula mayai. Akitaga, yanaliwa. Akitaga, yanaliwa. Safari hii alitaga matatu, akaja mbio kwa Nungu.

"Shoga, nisindikize kwa dada yangu kule kilimani. Ana banda lenye mlango."

"Mimi?" Nungu akashangaa. "Hao Tembo na Nyati wote hujawaona?"

"Tembo atayakanyaga. Wewe una mgongo mpana. Tutaweka kata ya majani ya mgomba, juu yake kikapu, na mimi nitaatamia humohumo, mayai yasipoe. Mungu yupo."

Nungu hakuwahi kuombwa kitu na mtu. Akajikuta anasema, "Na mimi nipo. Ila naogopa."

Wakaenda. Nungu chini, kata juu yake, kikapu juu ya kata, Bi Mtetea juu ya mayai kama bibi harusi. Njia nzima watu wanacheka, Bi Mtetea anawapungia bawa.

Kidogo, kuti kavu likaanguka: pu!

Chwaaa! Miiba ikasimama. Kikapu kikaruka juu, na kuku wake, na mayai yake.

"Mungu yupooo!" akapiga kelele Bi Mtetea huko hewani.

"Na mimi nipooo!" akajibu Nungu, anakimbia huku na huku chini. Kikatua mgongoni palepale. Mayai mazima, yote matatu.

"Umeona?" akasema Bi Mtetea. "Mungu amenidaka."

"Nimekudaka mimi!"

"Na wewe umedaka. Twende."

Wakafika kwenye kidimbwi. Bi Mtetea akashuka kunywa. Tone, kichwa juu. Tone, kichwa juu.

"Shoga, fanya haraka, mayai yanapoa!"

"Siwezi kunywa bila kushukuru. Nitaonekana sina adabu."

Chura akaruka: kwaa!

Chwaaa! Kikapu kikapinduka, yai moja likadondoka mwambani. Pwaa.

Hapo hakucheka mtu. Bi Mtetea akalitazama lile yai. Nungu akajikunja akalia mpaka pua ikavimba.

"Nenda na Mungu wako, Bi Mtetea. Mimi narudi shimoni. Sifai kuwa rafiki wa mtu."

Bi Mtetea akafuta machozi kwa bawa. "Nilimwomba Mungu anipe mwenza wa safari, akanipa wewe. Nikikufukuza, si nitakuwa nimemrudishia zawadi yake? Nyanyuka. Ukiogopa, fanya kama mimi: inua kidevu, sema Mungu yupo, vuta pumzi."

"Nitaonekana mjinga."

"Mimi naonekana mjinga kila nikiwa na kiu. Sijafa."

Wakaenda tena, mayai mawili. Kilima kikaonekana, na banda likaonekana. Mara, katikati ya njia, kuna bibi amejifunga kanga mpaka machoni. Mkia mrefuuu unaburuta nyuma.

"Wanangu, poleni na safari," akasema yule bibi. "Mimi mkunga. Leteni mayai hayo niyapapase, nione kama yamekaa vizuri."

"Mkunga gani ana mkia?" akauliza Nungu.

"Uzee, mwanangu."

"Na ulimi mbona unatokatoka?"

"Njaa... aa, joto! Joto, mwanangu."

Alikuwa Kenge! Miiba ya Nungu ikaanza kunyanyuka. Akawaza: nikiisimamisha, mayai yanapasuka. Nisipoisimamisha, Kenge anayala. Miguu yake ikamwambia, kimbia! Na shimo lake liko nyuma, njia nyeupe.

Nungu akainua kidevu. Akavuta pumzi. Miiba ikalala, laini kama nywele zilizopakwa mafuta.

"Mungu yupo," akasema Nungu, sauti inatetemeka.

Na nani akajibu? Bi Mtetea, kutoka kikapuni: "Na mimi nipo!"

Polepole Nungu akapiga magoti, akakitua kikapu chini, kata na vyote. Bi Mtetea akayafunika mayai kwa mabawa mawili, akakaza macho juu. Ndipo Nungu akageuka, akampa Kenge mgongo.

"Mkunga," akasema, "anza kunipapasa mimi."

Chwaaa! Akarudi kinyumenyume mbio, mpaka kwenye pua ya Kenge. Ai! Kenge aliacha kanga, akaacha ukunga, akakimbilia kidimbwini na miiba saba mdomoni. Mpaka leo anatoa ulimi, anarudisha, anatoa: anapapasa kama mwiba umebaki.

Wakafika bandani kwa dada, mayai yakaanguliwa, vifaranga wawili. Wakajifunza kunywa kwa mama yao. Na anayelala mlangoni mwa banda ni Nungu. Akinywa maji, naye anainua kichwa. Chura akimcheka, anamwacha acheke.

Basi wajukuu zangu, safari ya dunia ni ndefu na mzigo wake ni mayai. Usiende bila imani, na usiende bila rafiki. Ukiogopa wewe, rafiki akukumbushe Mungu. Akiogopa yeye, umkumbushe wewe.

Mungu yupo!

Nani hajajibu? Haya.

Hadithi yangu naitua hapa. Anayeitaka aibebe, ila asikimbie nayo: ina mayai.