Tembo, Mgeni Rasmi wa Miche Arobaini

Paukwa!
Pakawa!
Palikuwa na nini?
Palikuwa na chemchemi!
Ikaenda wapi?
Liulizeni tumbo la Tembo!

Haya, kaeni vizuri. Wewe huko nyuma, acha kumfinya mwenzako. Hapo kale palikuwa na chemchemi bondeni, pana kama uwanja. Kisha miti ya kando ikaliwa, jua likaingia, maji yakapungua mpaka yakabaki ya kujaza sufuria. Na humo ndani Bi Chura alikuwa na watoto wake, viluwiluwi mia na ushee, hata mmoja hajaota mguu. Maji yakikauka, wamekwisha. Bi Chura hakupata usingizi kwa hofu.

Wanyama wakaitana msaragambo. Jumamosi, kila mtu na jembe lake, malipo hakuna, ila kikombe cha togwa. Wakachimba, kwachu kwachu! Wakapanda mikuyu, tufu! Wakamwagilia, mwaa! Jumapili Tembo akaja, ng'wafu ng'wafu, akala yote.

"Mzee Tembo, hiyo ni miche ya kijiji!" Bi Chura akapiga kelele.

"Kwani mimi si mwanakijiji?" Tembo akajibu, mdomo umejaa. "Tena kelele za chura hazimzuii tembo kunywa maji."

Jumamosi ya pili wakachimba, kwachu kwachu! Wakapanda, tufu! Wakamwagilia, mwaa! Jumapili, ng'wafu ng'wafu! Kobe akatupa jembe. "Kumbe nimejitolea kumpikia Tembo? Bora nikalale."

Bi Chura akalia, akanyamaza, akawaza. Kisha akaenda kwa Tembo, akapiga hodi kwa adabu zote.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

Tembo hajawahi kuitwa Mheshimiwa. Masikio yakamsimama. "Marahaba, Bi Chura. Kuna nini?"

"Jumamosi tunapanda miti. Tumekaa, tumeona mgeni rasmi hawezi kuwa mwingine."

"Mgeni rasmi anakaa wapi?"

"Mbele kabisa, kivulini."

"Nitafika," akasema Tembo.

Akafika, amejipaka udongo mwekundu mwili mzima. Miche ilikuwa arobaini, na ninyi mnajua arobaini ni za nani. Bi Chura akasema, "Tunamwomba Mheshimiwa azindue shimo." Tembo akachoma ardhi kwa pembe, kwachu! Akapanda, tufu! Wanyama wakapiga makofi, pa pa pa! Desturi ya kule, mti wa mgeni rasmi unapewa jina lake, na ukinyauka aibu ni yake. Basi mche ule ukaitwa Tembo wa Kwanza.

Tembo akageuka kwenda kukaa kivulini.

"Mheshimiwa," akasema Bi Chura, "na shimo hili halijazinduliwa."

Kwachu! Tufu! Pa pa pa! Tembo wa Pili.

"Na hili, Mheshimiwa."

Kwachu! Tufu! Pa pa pa! Kobe alikuwa amelala chali, anapiga makofi kwa miguu. Hadi jua la utosi Tembo alikuwa amezindua mashimo arobaini, na togwa walikunywa wengine. Njaa ikamshika. Akanyoosha mkonga kwenye mche wa karibu.

"Jamani!" Bi Chura akapaza sauti. "Mheshimiwa anamla Tembo wa Saba!"

Kicheko kikalipuka bonde zima. Tembo akaurudisha mkonga haraka. "Nilikuwa namfuta vumbi," akasema.

"Ahsante, Mheshimiwa. Ila Tembo wa Kumi na Mbili kiu imemshika. Akinyauka, watu watasema Tembo amekwisha."

"Nani atasema?" Tembo akang'aka. Akakimbia hadi mtoni, kilima cha kwanza, kilima cha pili, akarudi na mkonga umejaa. Mwaa! Kesho yake tena, mwaa! Kiangazi kizima, mwaa! Mbuzi akisogea, Tembo anamfukuza. Mikuyu ikatia kivuli, maji yakapanda. Siku viluwiluwi wa kwanza walipoota miguu, wakatoka wakirukaruka, Bi Chura alilia tena, safari hii kwa furaha, na hakujificha.

Siku hizi, kila mwaka, Tembo anatoa hotuba pale chemchemini. "Ndugu zangu, mimi nimejitolea bila kutafuta sifa. Na kumbukeni, kelele za chura hazimzuii tembo kunywa maji!"

Pa pa pa! Bi Chura ndiye anayepiga makofi kuliko wote. Kisha Tembo anainama, anauliza kwa sauti ndogo, "Bi Chura, sasa naweza kunywa?"

"Bado, Mheshimiwa. Tembo wa Thelathini na Tisa hajanywa."

Hadithi yangu imefika mtoni, nami narudi na ndoo yangu. Funzo ni lile lile la wahenga: kelele za chura hazimzuii tembo kunywa maji. Nami nasikia mhenga aliyesema hivyo alikuwa tembo.