Mapipa ya Majaribio

Kando ya ziwa alikuwako mama mmoja, Kabula, aliyeyeyusha mafuta ya sangara na kuyapeleka kwa Lugendo, tajiri wa kiwanda cha chakula cha kuku. Lugendo hakununua. Kila mwezi alimwambia aache pipa moja la majaribio, na kila mwezi jibu lilikuwa lile lile.

"Kuku wameyakataa, mama. Lete pipa jingine tuone."

Mara ya tatu Kabula akauliza, "Na yale mapipa yangu?"

"Nimeshachanganya yote kwenye chakula. Nikurudishie nini?"

"Haya, tajiri."

Kabula akatoka hadi getini, ambako wafugaji walikuwa wakipakia magunia kwenye pikipiki.

"Jamani, naomba radhi," aliwaambia kwa upole. "Chakula hiki kina mafuta yangu miezi mitatu sasa, na tajiri anasema kuku wanayakataa. Kama wenu wamekonda, kosa ni langu."

Wafugaji wakaanza kushusha magunia. Lugendo akatoka mbio.

"Mafuta ya huyu mama ni mazuri. Kuku wanayagombania."

"Mapipa yote matatu, tajiri?"

"Yote."

Kabula akatoa kitabu cha risiti kwenye kikapu. "Hawa ndugu wamesikia. Niandike jina lako au la kiwanda?"