Mshumaa wa Petroli

Mashavu wa Tanga aliuza mishumaa aliyoiita Kimulimuli, na wateja walimjaa. Bwana Kilindo, tajiri wa vituo vya mafuta, akalitamani jina hilo, akalisajili kwa petroli yake, kisha akamshtaki Mashavu kwa msajili wa alama za biashara ili aliache.

"Petroli, grisi na mishumaa viko kundi moja la usajili wa bidhaa," Kilindo alimwambia msajili. "Ni kitu kimoja."

"Kimoja kabisa, bwana?" Mashavu aliuliza kwa upole.

"Kabisa, mama. Hakuna tofauti."

Mashavu akatoa dumu kikapuni, akaliweka mbele ya Kilindo, akatumbukiza utambi ndani, akawasha kiberiti.

"Basi jina ni lako. Ngoja nikuwashie mshumaa wako tusherehekee."

Kilindo akarukia nyuma ya kiti. "Zima, mwanamke wewe! Petroli na mshumaa wapi na wapi? Havifanani hata kidogo."

"Mheshimiwa, umemsikia," Mashavu alisema, akapuliza kiberiti.

Msajili alijibu kutoka chini ya meza kwamba amesikia vizuri, na kila mtu abaki na jina hilo kwa bidhaa yake.

Mashavu akashukuru, akachomoa utambi, akainua dumu, akanywa maji yake mpaka kiu ikakatika, akaenda zake.