Kamba Moja, Milango Mingi

Mtu mmoja alikuwa na kamba moja ya kupimia. Jina lake Maganga, fundi seremala, na kijiji chake kilikuwa kimeungua moto. Watu walikuwa wameshasimamisha kuta mpya na kuezeka, lakini nyumba hazikuwa na milango, na fisi walishajua njia. Usiku uliopita walimburura mbuzi wa Bi Kalunde kutoka kando ya kitanda cha wajukuu zake. Maganga akamwapia bibi yule kwamba kabla giza halijaingia, kila nyumba itakuwa na mlango wake.

Asubuhi akapita nyumba kwa nyumba. Kila alipofika alinyoosha kamba, akafunga fundo penye kimo cha mlango, akamwita kibarua mmoja. "Nyumba hii ni yako. Mbao zikifika, kata kwa fundo la kamba yangu. Utaikuta msumarini kwenye karakana." Kisha alilifungua fundo, akaenda nyumba ya pili, akafunga jingine. Alimalizia kwenye banda la kuku la Bi Kalunde, maana hakuwa mtu wa kuacha kiporo, kisha akaitundika kamba msumarini na fundo lile la mwisho.

Mbao zilifika adhuhuri. Kila kibarua akaenda msumarini, akapima, akakata. Hakuna aliyezembea. Na milango yote ikatoka na kimo cha banda la kuku.

Mnacheka? Haya, chekeni, zamu yenu inakuja.

Maganga aliwafokea vibarua, akawaita walevi. Akamkamata wa kwanza, Kapela, akaenda naye mpaka kwenye nyumba yake, akapima upya, akafunga fundo, na wakakata palepale. Mlango ukaenea sawasawa. "Kumbe unaweza!" akasema, akairudisha kamba msumarini na kuwaamuru wengine waendelee. Wa pili akakata, na mlango wake ukatoka na kimo cha ule wa Kapela.

Jua lilikuwa limeinama, na mbao zilizobaki hazikuruhusu kosa jingine. Kule ng'ambo Bi Kalunde alikuwa anawaingiza wajukuu ndani ya nyumba iliyo wazi. Maganga alitamani kufoka tena. Badala yake alikaa chini, akautazama msumari, akakumbuka alivyofunga na kufungua tangu asubuhi.

"Jamani, nisameheni," akasema. "Hamkukosea. Niliwapa msumari, sikuwapa kipimo."

Akachukua kisu na furushi la kamba, akapita tena nyumba kwa nyumba. Kila mlangoni alikata kipande chenye kimo cha mlango ule, akamfungia kibarua wake mkononi, na hakukigusa tena. Aliyewahi kukata alikata sawa, na aliyechelewa vilevile. Giza lilipoingia, Bi Kalunde alitia komeo, akalitikisa, akacheka peke yake mle ndani. Fisi wakaja, wakanusa mbao, wakaenda zao.

Basi ninyi mnaoandika programu za kompyuta, mnaoiambia mashine izunguke, irudie hatua zilezile, na kila mzunguko mkaiachia kazi ya kufanywa baadaye: je, kila kazi mmeipa kipande chake cha kamba, au zote mmezielekeza kwenye msumari mmoja, jina moja linalobadilishwa thamani kila mzunguko, kisha mnaiita mashine mlevi?