Zimwi la Kipupwe

Hadithi njoo, na mwenye kikohozi akohoe kwanza, tusikilizane.

Palikuwa na mji bondeni, umekaa katikati ya milima kama uji ndani ya bakuli. Kila kipupwe zimwi la baridi lililala juu ya vilele, likaufunika mji gubigubi. Moshi wa meko ukipanda, unagonga tumbo lake na kurudi. Nao watu wakafukiza ubani, ati zimwi likimbie!

Mwaka mmoja mtoto wa Namkunda alikohoa hadi akashindwa kupumua. Mama akapanda mlima, akaimba:

"Zimwi, ondoka, mwanangu afa!"

Akaimba tena. Mara ya tatu likafumbua jicho.

"Nitaondokaje, mama? Moshi ndio chakula changu. Mkifukiza nanenepa, sasa hata kujigeuza siwezi. Zimeni moto, nikonde, upepo unichukue."

Namkunda akashuka mbio. "Zimeni! Zimeni jamani!"

Mlangoni akamkuta mama mkwe wake na mji mzima, kila mtu na chetezo chake.

"Tulikuona umekwenda kwa zimwi, mwanangu, tukaogopa," alisema mama mkwe, akipuliza makaa. "Tumekufukizia ubani wote uliobaki."

Kule juu zimwi likacheua kwa shibe. Ndani, mtoto hakukohoa tena.