Jiko Lisilokula Mkaa

Mtu mmoja alikuwa na tanuru la kuchomea majiko ya udongo, huko Tukuyu, na watoto wawili aliowasomesha kwa tanuru hilo. Jina lake Ambakisye. Majiko yake, jamani, sijaona mfano: mkaa wa siku nne kwake ulikwenda siku kumi. Lakini barabara mpya ilipita mbali, wanunuzi wakaacha kufika mlangoni pake, na mzee akasema wazi kwamba masika yakianza bila mnunuzi, atazima tanuru akachume chai ya watu. Alikuwa na miaka sitini na minne. Hebu ufikirieni mgongo huo shambani.

Ipyana, mwanawe wa kwanza, akasema atamjengea tovuti. Msomi yule, na mikono myepesi. Wiki tatu hakutoka ndani. Akaweka rangi, akaweka picha za milima, na juu kabisa akaandika: Suluhisho Endelevu la Nishati ya Kaya. Siku ya kuizindua zilinunuliwa soda, mchungaji akaiombea, watu wakapiga makofi. Wakaitembelea mashemeji, mabinamu na wanakwaya, kwa kuwa waliambiwa waitembelee. Baada ya hapo, mwezi mzima, hakuja mtu. Ipyana akabadilisha rangi.

Dada yake Sekela hakubishana naye. Alichukua daftari akaenda mashineni, pale wanawake wanaposubiri zamu ya kusaga mahindi na kila mmoja husema shida yake bila kuipamba. Akakaa siku nne, anawatwisha ndoo na kusikiliza. Hakuna aliyetaja nishati. Endelevu ndiyo kabisa. Walisema, jiko langu linakula mkaa. Walisema, moshi umeniharibu macho. Aliporudi nyumbani akayajaribu maneno hayo kwenye simu, pale pa kutafutia. Na hapa moyo wangu huruka kila ninaposimulia: aliandika nusu tu, simu ikamalizia yenyewe. Maana yake walikuwapo watu wengi, Dodoma, Mwanza, wapi na wapi, waliokwisha kuuliza hivyo hivyo, na majibu waliyopata yalikuwa haba. Alipojaribu "jiko bora" alikuta makampuni makubwa yamejazana, akaliacha. Alipoandika maneno ya kaka yake, simu ilikaa kimya.

Akamwambia, "Kaka, tovuti yako inajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza."

Ipyana aliwaka. Alisema hawezi kuweka maneno ya mashineni mbele ya wasomi wenzake, na siku mbili hawakusemezana. Siku ya tatu alimkuta baba yake ameketi anashona mkanda wa kikapu cha kuchumia chai. Aibu aliyoiona hapo ilikuwa kubwa kuliko ile aliyoiogopa. Akabomoa alichojenga, akaanza upya na daftari la Sekela pembeni, ukurasa mmoja kwa kila swali, na namba ya simu ya baba chini yake: jiko lisilokula mkaa, jiko lisilotoa moshi, mpaka mwisho wa orodha.

Walingoja. Mawingu yalikwisha kukaa juu ya Mlima Rungwe, na mzee alikuwa amekwisha kupewa siku ya kuripoti shambani. Ikabaki juma moja, ndipo simu yake ikaita. Alikuwa mama lishe wa Singida, hawajuani kabisa. Hata salamu aliiruka.

"Ninyi ndio wenye jiko lisilokula mkaa? Mwaka mzima nawatafuta. Mlikuwa wapi?"

Mwaka huo mzima Mzee Ambakisye alikuwa palepale, kando ya tanuru lake. Yule mama akaagiza majiko sita, na kesho yake shoga yake akapiga simu kuagiza manne. Masika yalipoanza, moshi wa tanuru ulikuwa unapanda katikati ya mvua.

Nami nawauliza ninyi wenye vitu vizuri na maneno ya kupendeza: ni nani anayewaita sasa hivi, nanyi mnaona haya kumwitikia kwa maneno yake mwenyewe?